Reli ya Mlima Atago ya Kyoto, 1929–1944

Reli ya Mlima Atago, iliyojengwa kaskazini-magharibi mwa jiji la Kyoto, ina nafasi ya pekee katika historia ya usafiri wa milimani nchini Japani, kwani ilipofunguliwa mwaka 1929 ilisifiwa kuwa reli ya kuvutwa kwa kamba ya chuma iliyo ndefu kuliko zote katika Asia ya Mashariki, na miaka kumi na mitano baadaye iling'olewa yote, reli, kamba ya chuma na mitambo yake, isirudishwe tena. Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba vita ndivyo vilivyoiua. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa sababu vita hivyo hivyo viling'oa reli nyingine nyingi za milimani, na nyingi kati ya hizo zilijengwa upya amani iliporejea. Ili kuelewa kwa nini Atago ulibaki bila reli yake, ni lazima kuanza na mlima wenyewe na desturi ya kuupanda, ambayo ilitangulia reli kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Mlima Atago una kimo cha mita 924, na kileleni pake pana hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, ambalo ndilo mama wa mahekalu yapatayo 900 yenye jina hilo kote nchini. Mapokeo yanaanzisha ibada za mlima huo mwanzoni mwa karne ya nane, na kuzihusisha na En no Gyoja, mtawa wa milimani ambaye jina lake limezungukwa na visa vingi vya miujiza. Kilichoupa mlima uzito katika maisha ya watu wa kawaida, hata hivyo, ni imani kwamba mungu wake ana mamlaka juu ya moto. Kyoto lilikuwa jiji la mbao, karatasi na majani makavu, ambamo nyumba ziliegemeana, na cheche moja ya jikoni iliweza kuteketeza mitaa mizima kabla ya mapambazuko. Moto mkubwa wa mwaka 1177, uliounguza sehemu kubwa ya jiji pamoja na majengo ya kasri la mfalme, ulipewa jina la Taro, kwa kumkumbuka Tarobo, tengu mkuu wa Atago; na tengu, katika imani za Wajapani, ni kiumbe wa milimani mwenye nguvu za ajabu, ambaye huweza kulinda au kuangamiza. Moto mwingine wa mwaka 1788 uliteketeza sehemu kubwa zaidi ya jiji. Watu walioishi chini ya tishio la namna hiyo hawakuupanda Atago kwa matembezi. Waliupanda kuomba nyumba zao zisalimike.

Desturi za hija hiyo zilikuwa na utaratibu wake, na sehemu kubwa ya utaratibu huo ingali hai. Mwenye kuhiji hununua hirizi ya karatasi yenye maandishi ya kuhimiza tahadhari ya moto, akaibandika juu ya jiko lake, na mtu akiingia katika jiko la nyumba au la mkahawa mkongwe wa Kyoto hata leo ana uwezekano mkubwa wa kuiona ukutani. Pamoja na hirizi hubebwa tawi la shikimi, mti wa majani ya kijani kibichi na harufu kali, ambalo huwekwa karibu na jiko kwa nia ile ile. Matawi hayo yaliuzwa njiani na wanawake wa kijiji cha Mizuo, kilicho kwenye bonde la upande wa magharibi, ambao walipanda mlima na mizigo yao kichwani ili kuwahi wapita njia. Siku kuu ya mwaka ni usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti, ambapo inaaminika kwamba ziara moja hulingana na ziara elfu moja, na kwamba mtoto anayepandishwa kabla ya kutimiza miaka mitatu hatadhurika kwa moto maisha yake yote. Kwa hiyo wazazi hupanda gizani wakiwa wamebeba watoto mgongoni, nao wanaoteremka huwasalimu wanaopanda.

Njia kuu ilianzia katika kijiji cha Kiyotaki, kando ya mto wenye jina hilo, na urefu wake ulihesabiwa kuwa cho 50, cho moja ikiwa ni kipimo cha kale cha takriban mita 109. Vilisimamishwa vijiwe vya kuonyesha cho zilizopitwa, na kati yavyo palikuwa na vibanda vya chai ambamo wasafiri walipumzika, wakala vitafunio, na kurusha visahani vya udongo bondeni kwa burudani na kwa bahati njema. Mchezo huo wa visahani ulijulikana kiasi cha kuingia katika rakugo, sanaa ya msimulizi mmoja aketiye mbele ya hadhira, ambamo kisa kinachoitwa kwa jina la mlima huu husimulia tajiri anayerusha sarafu za dhahabu badala ya visahani. Yafaa kukumbuka, basi, kwamba kabla ya reli njia hii haikuwa mahali patupu palipongoja maendeleo: ilikuwa na uchumi wake na wafanyabiashara wake, na taabu ya kupanda ilihesabiwa kuwa sehemu ya sala yenyewe.

Historia ya kisiasa nayo iliupitia mlima. Mwaka 1582 jemadari Akechi Mitsuhide alipanda Atago, akapiga bao mbele ya mungu wa mlima, akashiriki kikao cha kutunga mashairi ya mfululizo, na siku chache baadaye akamshambulia bwana wake, Oda Nobunaga, katika monasteri ya Honno-ji mjini Kyoto, tukio lililogeuza mkondo wa historia ya Japani. Kwa karne nyingi kileleni palichanganyika ibada ya Shinto na ya Kibudha, ambayo makao yake yalikuwa monasteri ya Hakuun-ji. Lakini serikali mpya ya Meiji ilipoamuru mwaka 1868 kwamba dini hizo mbili zitenganishwe, monasteri hiyo ilivunjwa, sanamu yake kuu ikahamishiwa kwingine, na mlima ukabaki na hekalu la Shinto peke yake. Mageuzi hayo ya ghafla hayakuondoa mahujaji, jambo linalodhihirisha kwamba uhusiano wa watu wa Kyoto na Atago ulikuwa wa jikoni na wa familia zaidi kuliko wa mafundisho rasmi.

Wazo la kuwapandisha mahujaji kwa mashine liliwezekana kutokana na teknolojia iliyokomaa Ulaya, hasa Uswisi, katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. Reli ya aina hii, inayoweza kuitwa reli ya kebo, hutofautiana na reli ya kawaida kwa kuwa behewa lenyewe halina injini: mabehewa mawili hufungwa kwenye ncha mbili za kamba moja ya nyaya za chuma zilizosokotwa, kamba hiyo hupita kwenye gurudumu kubwa katika kituo cha juu, na behewa moja linapoteremka uzito wake husaidia kulivuta la pili juu, kama ndoo mbili za kisima kwenye kapi moja. Kwa hiyo mota ya umeme iliyo juu haibebi uzito wote, bali hufidia tu tofauti ya mizigo na msuguano. Njia huwa moja kwa sehemu kubwa ya safari na hugawanyika mbili katikati kabisa ya mlima, mahali ambapo mabehewa hukutana kila mara. Mhandisi wa Uswisi, Carl Roman Abt, ndiye aliyebuni njia ya kupishana isiyohitaji vifaa vinavyosogea: magurudumu ya upande mmoja wa behewa hupewa kingo mbili zinazoikumbatia reli, na ya upande wa pili huachwa mapana bila kingo, hivyo behewa moja hufuata daima mkono wake na la pili mkono mwingine. Namna ya awali ya ubunifu huo ilianza kutumika Giessbach, Uswisi, mwaka 1879, na ubunifu huo ndio ulioifanya reli ya kebo kuwa nafuu kiasi cha kuenea duniani.

Japani ilipata reli yake ya kwanza ya kebo mwezi Agosti 1918, huko Ikoma, kati ya Nara na Osaka, nayo haikujengwa kwa ajili ya mgodi wala msitu, bali kuwafikisha waumini kwenye monasteri ya Hozan-ji. Mfano huo uliigwa haraka katika miaka ya 1920, na karibu kila mlima mtakatifu uliokuwa karibu na jiji kubwa ulipata mwekezaji. Katika Mlima Hiei, upande wa mashariki wa Kyoto, reli ya Eizan ilifunguliwa Desemba 1925, na reli ya Sakamoto, kwenye mteremko unaoelekea Ziwa Biwa, ikafuata mwaka 1927 ikiwa na urefu wa mita 2,025. Kampuni zilizokuwa nyuma ya miradi hii mara nyingi zilikuwa za umeme au za treni za mjini, na hesabu yao ilieleweka kwa urahisi: kampuni ya umeme ilikuwa na nguvu ya kuuza hata saa ambazo viwanda na taa havikuihitaji, na kampuni ya treni ilihitaji abiria wa siku za mapumziko, wakati wafanyakazi hawaendi kazini.

Kyoto Dento, kampuni ya umeme ya jiji, ilikuwa imeshiriki kwa pande zote mbili, kwa kuwa ndiyo iliyomiliki reli ya Eizan na pia treni za umeme za kwenda Arashiyama, mahali maarufu kwa maua ya micheri na majani mekundu ya vuli. Kati ya Arashiyama na mguu wa Atago palibaki kilomita chache tu. Kampuni ya Reli ya Mlima Atago ilianzishwa mwaka 1927 kuziba pengo hilo na kuupanda mlima, na kazi yake iligawanyika katika njia mbili zenye tabia tofauti. Njia ya tambarare, yenye urefu wa kilomita 3.39, ilitoka Arashiyama, ikapita Shakado, karibu na monasteri ya Seiryo-ji, na Toriimoto, kitongoji cha nyumba za kale zilizozoea kupokea mahujaji, kisha ikatoboa kilima kwa handaki na kutokea Kiyotaki. Njia hiyo ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1929. Ya pili, njia ya kebo, ilianza safari tarehe 25 Julai mwaka huo huo, na tarehe hiyo yenyewe yaonyesha nia ya kampuni, kwani zilibaki siku sita tu kabla ya usiku mkubwa wa hija.

Njia ya kebo ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 2.13, na kati ya kituo cha chini cha Kiyotakigawa na kituo cha juu cha Atago ilipanda zaidi ya mita 600 kwa wima, ikipita katika mahandaki sita yaliyochongwa kwenye mwamba ulioinama. Iliipita reli ya Sakamoto kwa takriban mita mia moja, na ndipo ilipopata sifa yake ya kuwa ya kwanza kwa urefu katika Asia ya Mashariki. Wahandisi wake wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa, kwa sababu katika reli ya kebo urefu hauongezwi bila gharama: kila mita huongeza uzito wa kamba ambayo lazima ijibebe yenyewe pamoja na mabehewa, breki lazima ziweze kulishika behewa endapo kamba itakatika, na kila handaki katika mteremko mkali huhitaji kupimwa kwa makini ili kamba iliyokazwa isiguse paa wala kuta. Kituo cha juu kilikuwa jengo la zege la ghorofa mbili, lililosimama juu ya chumba cha mitambo, katika msitu ambao hadi wakati huo haukujua ujenzi mwingine ila wa mbao. Kutoka hapo hadi hekaluni abiria alikuwa bado na mwendo wa miguu kwenye mgongo wa mlima, na mwishoni ngazi ndefu za mawe. Reli ilipunguza taabu ya hija, lakini haikuifuta.

Kampuni haikuridhika na mahujaji, na katika jambo hili yaonekana wazi kwamba Atago mbili zilianza kuishi katika mlima mmoja. Karibu na kituo cha juu ilijengwa hoteli ya kisasa, ikatengwa bustani ya michezo kwa watoto, yakawekwa mahema ya kulala majira ya joto, na ukafunguliwa uwanja wa kuteleza kwenye theluji wakati wa baridi, jambo lililowafurahisha wakazi wa jiji ambao hawakuwa na uwezo wa kusafiri hadi milima ya mbali ya kaskazini. Kyoto nzima ilikuwa ikijifikiria upya kama jiji la wageni: sherehe za kumtawaza Mfalme Showa zilifanyika humo Novemba 1928, na mwaka 1930 halmashauri ya jiji ilianzisha idara ya utalii. Familia iliyotoka mjini asubuhi iliweza kupanda treni ya umeme, kubadilisha Arashiyama, kuvuka handaki, kuingia katika behewa la kebo, na kula chakula cha mchana mahali ambapo babu zao walifika magoti yakitetemeka. Furaha hiyo ilikuwa halali, na mwanahistoria hana sababu ya kuidharau. Lakini abiria wa kebo hakupita mbele ya vibanda vya chai vya njia ya zamani, wala hakukutana na muuza shikimi kwenye kona ya njia ya Mizuo, na riziki iliyotegemea hatua za wapita njia ilipungua kwa kadiri behewa lilivyojaa.

Wakati nao haukuwa mwema kwa wawekezaji. Miezi michache baada ya uzinduzi masoko ya hisa ya Marekani yalianguka, na mwaka 1930 mdororo wa uchumi uliigonga Japani kwa nguvu, bei za hariri na mchele zikaporomoka, na matumizi ya starehe yakawa ya kwanza kupunguzwa majumbani. Reli iliyojengwa kwa mkopo na kwa matumaini ya miaka ya 1920 ilijikuta ikilipa madeni yake katika miaka ya 1930. Ilikuwa na siku chache za wingi mkubwa, hasa usiku wa Agosti na majira ya vuli, na siku nyingi za mabehewa yenye nafasi, na huo ndio ugonjwa wa kudumu wa reli za hija, ambazo lazima ziwe na mitambo ya kutosha umati wa siku moja na kuitunza kwa mwaka mzima.

Vita dhidi ya Uchina vilivyoanza mwaka 1937 vilibadilisha maana ya safari. Sheria ya Uhamasishaji wa Taifa ya mwaka 1938 iliipa serikali uwezo wa kuelekeza mali na nguvu kazi kwa ajili ya vita, na mwaka 1941 ikatolewa amri ya kukusanya metali, ambayo kwayo kengele za monasteri, vyungu na sanamu za shaba zilipelekwa kuyeyushwa. Baada ya vita kuenea katika Pasifiki na meli za mizigo kuanza kuzamishwa, upungufu wa chuma ulizidi, na maofisa wakaanza kuorodhesha reli zisizo za lazima wala za haraka, yaani zile ambazo kung'olewa kwake kusingezuia usafirishaji wa askari, makaa au chakula. Reli ya kwenda hekaluni na kwenye uwanja wa theluji haikuwa na utetezi mbele ya kipimo hicho. Njia ya kebo ya Atago ilifungwa tarehe 11 Februari 1944, siku ya kuadhimisha kuasisiwa kwa taifa, ambayo pia ilikuwa siku ya mwisho kwa reli nyingine za milimani, ikiwemo ile ya Takao karibu na Tokyo. Njia ya tambarare iliendelea miezi kumi zaidi, ikafungwa tarehe 11 Desemba mwaka huo huo. Reli ziling'olewa, na handaki la Kiyotaki, ambalo mwamba wake ulitoa kinga dhidi ya mabomu, liligeuzwa karakana ya kutengenezea vipuri vya ndege. Hoteli na bustani ya juu, zikiwa zimekatiwa njia, ziliachwa.

Uzito wa hukumu ya 1944 huonekana zaidi Atago inapolinganishwa na ndugu zake. Reli ya Sakamoto, iliyokuwa ya pili kwa urefu, haikung'olewa. Mwaka 1945 jeshi la majini liliichukua ili kupandishia vifaa vya kituo cha kurushia ndege za Ohka, ambazo rubani wake alikusudiwa kufa pamoja na shabaha yake, na vita vikaisha kabla ndege hata moja haijarushwa kutoka hapo. Mwaka 1946 ilikuwa tayari ikibeba raia, sawa na reli ya Eizan. Takao ilirudi mwaka 1949, Amanohashidate mwaka 1951, Tsukuba mwaka 1954, na reli ya Otokoyama, inayohudumia hekalu la Iwashimizu kusini mwa Kyoto na ambayo nayo ilikuwa imeng'olewa yote, ilirudi mwaka 1955. Zilizopotea moja kwa moja zilikuwa chache, na miongoni mwake, pamoja na Atago, ni reli ya Mlima Asama katika mkoa wa Mie, iliyosimama mwaka 1944 na kufutwa rasmi mwaka 1962, muda mfupi kabla barabara ya magari ya watalii haijafunguliwa juu ya mlima huo.

Sababu za Atago kutorudi zinaweza kupimwa kwa kuangalia kile ambacho milima mingine ilikuwa nacho. Hiei ilikuwa na njia mbili ambazo hazikung'olewa, pamoja na monasteri kubwa ya Enryaku-ji yenye wageni mwaka mzima. Otokoyama ni kilima kifupi, na njia yake fupi iligharimu kidogo kuifufua, mkabala na kituo cha reli kuu iliyokuwa bado inafanya kazi. Atago, kinyume chake, ilikuwa imepoteza njia zote mbili kwa pamoja, ya tambarare na ya kebo, kwa hiyo kuirudisha moja bila nyingine kusingekuwa na faida, na tuta la njia ya tambarare lilikuwa tayari linageuka barabara. Ule urefu uliokuwa fahari mwaka 1929 sasa ulikuwa mzigo, kwani mahandaki sita na kilomita mbili za kamba zilidai mtaji ambao siku chache za umati zisingeweza kuulipa. Iko pia sababu ambayo vitabu vya hesabu havionyeshi, nayo pengine ndiyo nzito kuliko zote: mahujaji hawakuacha kupanda. Hekalu halikuhitaji kuokolewa na mashine, kwa sababu watu waliokosa behewa walirejea katika njia ya cho 50 na kuendelea kubandika hirizi zao. Mahali ambapo reli ilikuwa imeumba wageni wake yenyewe, kufungwa kwake kulileta kilio cha kuirudisha. Atago wageni walikuwapo kabla yake, na hakuna kilichowazuia baada yake. Hadi leo hakuna barabara ya magari ya abiria inayofika hekaluni.

Mabaki ya njia ya kebo yangali msituni. Jengo la kituo cha juu limesimama bila madirisha, zege yake ikiwa imeota kuvu na miti ikiwa imeingia ndani, na misingi ya hoteli huonekana kati ya miberoshi. Mstari ulionyooka wa tuta unatambulika kutoka kwenye njia ya mahujaji juu kidogo ya Kiyotaki, ingawa baadhi ya mahandaki yameporomoka na kuyaingia ni hatari. Hali hiyo inasikitisha, kwa kuwa ni nadra kupata kazi ya uhandisi ya mwaka 1929 ambayo haikufanyiwa ukarabati wowote wa baadaye, na ambayo kwa sababu hiyo ingeweza kuwaonyesha watafiti mbinu za wajenzi wake kama zilivyokuwa. Rekodi ya urefu ilirudi kwa reli ya Sakamoto, ambayo kwa mita zake 2,025 ndiyo ndefu kuliko zote za aina yake nchini Japani. Njia ya tambarare imekuwa na bahati bora: sehemu ya tuta lake ni barabara ya lami, na handaki la Kiyotaki, lililochimbwa kwa upana wa kupitisha treni, huruhusu magari ya upande mmoja kwa wakati mmoja yakiongozwa na taa, yakiwemo mabasi yanayowapeleka mahujaji hadi mwanzo wa njia ya miguu.